Umekosa cha kupiga picha? Namna ya kufanya mazoezi hapahapa Bagamoyo

Vijana wengi hapa Bagamoyo wakishapata kamera, au simu yenye kamera ya maana, wanaanza kwa moto kweli. Wiki ya kwanza wamepiga Ngome Kongwe, wamepiga Boma la Wajerumani, wamepanda bodaboda hadi magofu ya Kaole, wamepiga ule msalaba wa Misheni ya Wakatoliki, halafu basi, wiki ya tatu ukimuuliza vipi anakwambia Bagamoyo imeisha, hamna kipya, bora kwenda Zanzibar. Mi nakataa kabisa. Bagamoyo haijaisha, wewe ndo umepita tu. Ulitoka kutafuta mahali, na mahali ukishapapiga mara moja unaona umemaliza, ila ukitafuta jambo linalotendeka, yaani mwanga unavyogeuka, maji yanavyojaa na kupwa, mtu na kazi yake, hapo huwezi kumaliza manake kesho halitakuwa kama leo.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetaka mazoezi. Kama unatumia simu poa tu, kila kitu hapa kinafanyika na simu.

HATUA YA 1: Chagua kipande kidogo ukae nacho

Usichague mji mzima. Chagua kipande ambacho unaweza kukitembea kwa dakika kumi, na ambacho hakikulazimu nauli. Kwa mfano kuanzia Forodha ya zamani hadi soko la samaki na ule ufukwe wa mbele yake. Au Mtaa wa India pale kwenye nyumba za zamani. Au mtaani kwenu Magomeni, kwenye vibanda vya mafundi na mama lishe. Kaa nacho mwezi mzima. Najua inaonekana kidogo lakini faida yake ni kubwa, watu wanakuzoea, hawakai tena kwa kujipanga ukitoa kamera, na wewe unaanza kujua fundi fulani anafungua saa ngapi, kivuli cha msufi kinafika wapi mchana, ukuta upi unapigwa na jua la jioni. Hivyo vitu mgeni wa siku moja hawezi kuvijua hata awe na kamera ya milioni kumi.

Siku za mwanzo usipige sana. Tembea, salimia, kaa barazani. Ukiona kitu kinakuvuta macho mara mbili kiandike kwenye simu, andika na saa uliyokiona.

HATUA YA 2: Jua lako likoje

Bagamoyo bahari iko mashariki, kwa hiyo jua linatoka baharini na kuzama bara. Hii kitu inapanga kila kitu. Asubuhi ukisimama ufukweni ukiangalia maji unapigana na jua usoni, vyombo na watu wanatoka weusi, umbo tu, na hiyo ni picha nzuri kama umbo lenyewe lina maana: mtu amebeba tenga kichwani, tanga limeinuka nusu, mtu anashuka majini mpaka kiunoni. Ukitaka sura na rangi geuka uyape maji mgongo, hapo jua linawapiga watu usoni na kuta za mawe zinazoangalia bahari zinawaka. Jioni ni kinyume, ukiwa ufukweni jua liko nyuma yako upande wa mji, na mashua zinazoelea zinaonyesha rangi zake vizuri mno mpaka kivuli cha majengo na miti kizifikie.

Sisi tuko karibu na ikweta kwa hiyo jua letu halina utani, linapanda wima. Linachomoza kati ya saa 11:50 alfajiri na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi, na ule mwanga laini wa pembeni unaupata kama dakika 40 tu, baada ya hapo linakuwa kali. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba mchana linapita utosini kabisa, nguzo haina kivuli. Ukifika ufukweni saa mbili na nusu ukasema umewahi, umechelewa.

Mchana je? Wengi wanarudi nyumbani kulala, na mimi naona wanapoteza. Mchana ingia kivulini. Mtu aliyekaa mlangoni kwake, hatua moja ndani ya kivuli, uso ukiangalia nje, anapata mwanga laini unaotoka kwenye mchanga mweupe au ukuta wa mbele uliopakwa chokaa. Hiyo ni studio ya bure. Nyuma yake ndani ni giza, kwa hiyo hakuna vurugu. Kwenye simu gusa uso wake kwenye kioo halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole, usiiache simu iamue yenyewe manake itaangaza lile giza na uso utaungua weupe.

Milango ya nakshi nayo ina saa yake. Ikipigwa na jua la moja kwa moja mbele unaona ubao tu. Subiri jua lipite kwa ubavu, likichanja mlango kutoka upande, ndo maua na minyororo iliyochongwa inapanda juu na kila uchongaji unapata kivuli chake. Kila mlango unaangalia upande wake kwa hiyo na saa zake ni tofauti, zunguka uandike.

HATUA YA 3: Jua maji

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo siri ya pwani na watu wa kamera wengi hawaijui wakati mvuvi yeyote atakuambia bila kuangalia saa.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo na moja mbili baada yake, tunakuwa na bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Wiki moja baadae yanakuja maji mafu, yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Na kila siku saa ya kujaa na kupwa inasogea mbele kama dakika 50. Kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Ukishajua hivyo unahesabu mwenyewe, nyuma au mbele.

Sasa tafsiri hiyo kwa picha. Bamvua saa nne asubuhi: ufuo unakuwa mpana ajabu, mashua zimelala ubavu mchangani, unaweza kutembea chini yake ukaona mkuku (ule mti mrefu wa chini kabisa ya chombo), mbao za ubavuni, rangi zilizobabuka, kamba ya nanga iliyonyooka juu ya mchanga. Watu wako mbali, wadogo, uwanja mtupu umewazunguka. Hapo unajifunza kuacha nafasi kwenye fremu. Jua linakuwa kali lakini mchanga wenye maji maji unasaidia. Bamvua jioni: maji yamefika juu, mashua zinakuja karibu na soko, watu wanapakua wakiwa ndani ya maji, unapata mikono, matone, kelele, na jua liko nyuma yako.

Ukitaka mchanga uliolowa unaong'aa kama kioo wakati wa mawio, hesabu siku tatu nne kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwezi kuandama, maana maji yanakuwa yamekupwa kwenye saa 12, saa 1 asubuhi. Siku hizo usilale. Panga kalenda yako na mwezi, weka alamu. Na muulize nahodha pale ufukweni, atafurahi kukuelekeza, na ndo unaanza kujuana naye.

Upepo nao utie akilini. Kaskazi inavuma kwenye Desemba hadi Machi, kusi inatawala kuanzia katikati ya mwaka na huwa na nguvu zaidi. Matanga, mawimbi, hata kanga kwenye kamba zinalala upande tofauti. Masika usiogope, mawingu mazito ni mwanga mzuri sana wa kupigia sura za watu mchana kutwa.

HATUA YA 4: Fuata kazi moja mwanzo mpaka mwisho

Hii ndo hatua inayobadilisha mtu kutoka mpiga mandhari kuwa mpiga picha. Chagua kazi, kaa nayo mpaka iishe.

Chukua fundi wa mashua anayetia kalafati, yaani anayeziba mianya ya mbao maji yasiingie. Ukipiga picha moja ya mzee na chombo utapata mzee na chombo, basi. Sasa kaa. Angalia. Kwanza anasokota pamba iliyolowa mafuta kwenye paja lake mpaka iwe kamba nyembamba. Anaipachika kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anaishika na kidole gumba, anaweka chuma bapa juu yake na kugonga, taratibu, sauti inabadilika pale pamba inapokaza na yeye anasikiliza hiyo sauti kabla ya kusogea mbele inchi mbili. Mafuta yameacha alama nyeusi kwenye kucha. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao, liko chini mchangani, mpini wake umelainika kwa viganja. Hapo tayari una picha sita saba na hujasogea hatua tatu: kiganja na pamba kwenye paja, kidole gumba na mwanya, uso unaosikiliza, vifaa mchangani, ubavu mzima wa chombo na yeye akiwa mdogo pembeni, halafu mwanya ulioisha kuzibwa pembeni ya ule bado.

Kumbuka huo mpangilio maana unafanya kazi popote: mahali, mtu, mikono, kifaa, kitu chenyewe, na kilichobaki baada ya kazi. Ukikosa kimoja kesho rudi ukitafute.

Soko la samaki linakupa nyingine. Mnada unapoanza usiangalie samaki, samaki umeshawapiga, waangalie wanunuzi. Mtu anayetaka kununua na hataki wenzie wajue anatazama pembeni, anakunja mikono, anainua kidevu kidogo tu. Baadae nenda kwa wakaangaji, moshi na mvuke ukipigwa na jua kwa nyuma unaonekana, ukiwa na jua mgongoni hauonekani, kwa hiyo zunguka upande wa pili wa jiko. Angalia mafuta yanaruka, simama mbali na usimzuie mtu njia, watu wako kazini pale.

Na kama unataka mazoezi ya kitu kinachokimbia, tuna TaSUBa hapa mjini, chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, vijana wanafanya mazoezi ya ngoma, sarakasi na maigizo. Nenda ofisini uombe ruhusa kwanza. Ngoma inakufundisha kusubiri kilele: kila mruko una nukta ambayo mwili unasimama hewani kabla haujashuka, bonyeza hapo. Ukiwa na kamera weka spidi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) 1/500 ya sekunde kama unataka mtu agande, weka 1/15 kama unataka mikono iwe ukungu na uso ubaki. Simu nyingi zina sehemu ya kuchagua hivyo kwenye modi ya pro. Wakati wa tamasha la kila mwaka kila mtu ana kamera, lakini siku za kawaida za mazoezi ndo unajifunza.

HATUA YA 5: Salamu kwanza, kamera baadae

Hili halina mjadala. Watu wa pwani hawapendi kupigwa kwa kuviziwa na wana haki. "Shikamoo mzee wangu, pole na kazi. Mimi najifunza kupiga picha, naishi mtaa wa pili hapo, naomba nikae hapa nikupige ukiwa unafanya kazi, ukiona nakusumbua niambie." Ukisema hivyo wengi watakukaribisha na kipande cha muhogo juu. Akisema hapana ni hapana, mshukuru, kaa uzungumze nae kidogo hivyohivyo usiondoke kwa hasira.

Kina mama waombe wenyewe, usimuombe mume wala muuzaji wa jirani. Watoto, muombe mzazi au mlezi. Watu wanaotoka msikitini au walio kwenye msiba, acha kamera mfukoni. Askari, kituo cha polisi na majengo ya serikali yenye ulinzi usielekeze kamera bila ruhusa. Magofu na makumbusho yana kiingilio, lipa, na uliza getini kama kuna masharti ya picha.

Mtu akidai hela? Mi naona usilipe ili mtu aigize, manake unapata maigizo. Bora umsafishie picha, uende studio ukaiprinti, umletee mkononi. Picha ya karatasi inafungua milango ambayo hela haifungui, utashangaa wiki ijayo anakuita mwenyewe, "we kijana, njoo, leo tunashusha chombo".

HATUA YA 6: Siku ambayo hakuna kinachokuja, jipe sharti

Zipo siku unatembea na huoni kitu. Usisubiri hamu, jifunge na sharti moja tu halafu toka:

Leo napiga rangi ya bluu tu, popote ilipo.

Leo sizumu, nikitaka karibu natembea kwa miguu.

Leo natafuta vivuli, mwenye kivuli asionekane.

Leo nakaa kwenye baraza moja saa nzima na kila kinachopita kinaingia kwenye fremu ileile.

Leo nasoma maandishi. Hili nalipenda kuliko yote. Pwani yetu inaandika kila mahali, kuna majina ya kanga, majina ya mashua yaliyopakwa rangi kwenye omo (mbele ya chombo), maneno nyuma ya bajaji na daladala, bei za vitumbua kwenye ubao. Mpige mama na kanga yake (kwa ruhusa) maneno yasomeke, halafu tafuta mashua yenye jina linalojibu hiyo kanga. Ukikusanya namna hiyo kwa miezi unapata mfululizo ambao msomaji wa Kiswahili ataucheka na kuuelewa, na hakuna mgeni atakayeuwahi.

Siku ya mvua kubwa kaa jikoni. Bibi anapepeta mchele karibu na dirisha, pumba zinapaa kwenye mwanga. Nazi na mbuzi yake. Inatosha.

HATUA YA 7: Rudi kwenye mambo ya kale, ila na swali

Sijasema uache Kaole na Misheni. Nasema usiende mikono mitupu. Kaole kuna msikiti na makaburi, ya kale zaidi yanarudi hadi karne ya 13, na kaburi la nguzo ukilipiga lenyewe wima mbele ya anga utapata picha ambayo kila mtu anayo. Nenda na swali: limejengwa na nini? Sogea karibu, utaona mawe ya matumbawe yenye matundu, chokaa iliyoyashika, mzizi ulioingia kwenye ufa. Piga kwa jua la pembeni. Au uliza ukubwa: msubiri mtu apite karibu na ukuta, ili macho yapime ukuta kwa mwili wake.

Misheni ilianza 1868, na mwili wa David Livingstone, yule msafiri na mmisionari wa Kiingereza, ulipokelewa pale Februari 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka mbali bara. Ukijua hivyo ule mnara mdogo pale Misheni unauangalia tofauti, unaanza kuwaza waliobeba, miguu yao, njia waliyoingilia, na pengine picha yako inakuwa ya njia na sio ya mnara.

Zoezi zuri zaidi: tafuta picha ya zamani ya Bagamoyo, makumbusho pale Misheni yanakupa pa kuanzia, na mtandaoni kuna picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga sana huku kwetu enzi za ukoloni, zimehifadhiwa na kumbukumbu za taifa za Ujerumani. Simama palepale aliposimama mpigaji. Linganisha mstari wa paa, mti, pembe ya ukuta, sogea kushoto kulia mpaka vikae sawa, ndipo ubonyeze. Ila angalia pia picha zilizopigwa na wakazi wa huku wenyewe. Ng'ambo tu hapo Unguja kuna Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, picha zao za watu wa mjini zina ukaribu ambao ule wa mkoloni haukuwa nao, na tofauti hiyo ukishaiona utajiuliza maswali mazuri kuhusu unavyosimama mbele ya mtu.

HATUA YA 8: Chagua, printi, rudi

Kila Jumapili kaa na picha za wiki. Toa zilizo mbovu kabisa, zinazobaki ziache zilale siku mbili tatu kwanza manake picha ya leo bado unaipenda kwa sababu ya jasho lake. Kisha chagua tano, sio hamsini. Pembeni ya kila moja andika sentensi moja, nini kinakosekana hapa. Uso umegeuka? Nyuma kuna ndoo nyekundu inayovuta macho? Hiyo sentensi ndo orodha yako ya wiki ijayo, kwa hiyo swali la nipige nini linakuwa limejibiwa hata kabla hujatoka nyumbani.

Muonyeshe mtu ambaye sio mpiga picha, yule fundi mwenyewe ndo bora. Atakuambia "hapa umenipiga chuma nimeshika vibaya, nilikuwa nimechoka", na kesho utajua uangalie mkono.

Lenzi ifute kila ukitoka ufukweni, chumvi ya kusi inakaa usiione halafu picha zote zinakuwa na ukungu. Kama una kamera usibadilishe lenzi kwenye upepo, ingia ndani ya kibanda.

Mwezi ukiisha chukua kipande kingine. Mi ningekushauri mashamba ya chumvi nje ya mji wakati wa kiangazi, kuna mistari, weupe na watu wenye majembe, au mikoko wakati maji yanajaa. Angalia mwezi uko wapi leo, hesabu bamvua ijayo ni lini, andika saa, nenda kamsalimie mwenye shamba siku moja kabla.